Wasomaji Wanauliza: Istilahi za Tiba Zina Viambishi Kama Kiswahili

Mwezi huu barua nne zimetufikia kutoka pembe tofauti za Nairobi, zote zikihusu maneno ya hospitalini.

SWALI: Hujambo mhariri. Nimepata nafasi ya kusomea rekodi za afya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, kampasi ya hapa Nairobi. Dadangu amenipa kitabu cha istilahi za tiba chenye kurasa zaidi ya 400. Nimeanza kukariri tangu herufi A. Nimefika C, na A nimekwisha isahau. Nifanyeje?
*Msomaji, Umoja*

JIBU: Kifunge kwanza hicho kitabu. Maneno hayo hayakuundwa mazima, basi usiyakariri mazima. Ni vipande vya Kigiriki na Kilatini vilivyoungwa, na ufundi wa kuviunga unaujua tangu shule ya msingi. Ulipochambua "hatutapikiwa" kuwa ha-tu-ta-pik-i-w-a ulikuwa tayari unafanya kazi hii: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati.

Chukua "pericarditis". Anzia mwisho: "-itis" ni uvimbe wenye joto na maumivu. Rudi mwanzo: "peri-" ni kuzunguka. Malizia katikati: "cardi" ni moyo. Umepata uvimbe wa utando unaouzunguka moyo. Weka "endo-", yaani ndani, mahali pa "peri-", na ugonjwa umehamia kwenye utando wa ndani. Weka "myo-", msuli, na sasa ni msuli wenyewe wa moyo unaougua. Mzizi mmoja umekupa maradhi matatu.

Sauti nazo zina kanuni zake. Katika Kiswahili m- hugeuka mw- mbele ya irabu: mpishi, lakini mwalimu. Huko pia "a-" ya kukanusha huwa "an-" mbele ya irabu: "apnoea" ni kutopumua, "anuria" ni kutotoa mkojo. Irabu "o" inayounga vipande hudondoka kiambishi tamati kikianza kwa irabu, ndiyo maana ni "gastritis" na si "gastroitis". Hubaki kikianza kwa konsonanti, kama "gastroscopy", kutazama ndani ya tumbo kwa kifaa. Na kati ya mizizi miwili hubaki hata kama wa pili unaanza kwa irabu: "gastroenteritis". Wanafunzi wengi hukosea hapo, na kosa hilo husababisha faili kutopatikana kwenye kompyuta.

Sasa kazi ya mikono. Nunua karatasi moja ya manila, ikunje katikati mara tano, kisha ikate kwenye mikunjo. Utapata kadi 32. Upande mmoja andika kipande, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili na neno moja linalokitumia. Soma kadi 8 kwa siku, manila itakwisha kwa siku nne. Kila kadi irudie siku ya pili, ya nne, ya nane na ya kumi na sita. Usiitazame tu: itamke, kisha andika tahajia bila kuchungulia. Kusoma orodha ndani ya matatu hukufanya udhani unajua. Kuandika ndiko kunakuonyesha usichokijua.

Anza na viambishi tamati, kwa kuwa ndivyo vinavyotaja tendo lenyewe. Angalia utumbo mpana, "col-": "colectomy" ni kuukata na kuuondoa, "colotomy" ni kuupasua tu, "colostomy" ni kuutolea tundu tumboni ili choo kitokee kwenye mfuko. Silabi moja tu, na mgonjwa ana maisha tofauti kabisa.

Jambo moja tunakusihi: usisome "hypo-" (chini ya kiwango) na "hyper-" (juu ya kiwango) siku moja. Vipande vinavyofanana vikiingia pamoja hugombania nafasi kichwani na vyote hutoka vimechanganyika. Kisome kimoja, subiri wiki, ndipo usome cha pili. Mwenye "hypoglycaemia" anahitaji sukari upesi, na mwenye "hyperglycaemia" huenda akahitaji insulini. Ukiwabadilisha unaweza kuua mtu.

Viko pia vipande vinavyodanganya. "-itis" haisemi kwamba kuna viini. Gastritisi yaweza kuletwa na bakteria na yaweza kuletwa na dawa za maumivu. "-oma" si saratani kila mara: "lipoma" ni kinundu cha mafuta kisicho na hatari kubwa, na "haematoma" ni damu tu iliyokusanyika. "Myel-" ni uboho katika "osteomyelitis" lakini ni uti wa mgongo katika "poliomyelitis". Hivi vitie alama nyekundu kwenye kadi.

SWALI: Ninafanya kazi ya mapokezi katika kliniki, na ninaingiza kwenye kompyuta yale ambayo daktari ameandika kwa kalamu. Nachanganya maneno yanayofanana, na vifupisho ndivyo vinanimaliza. OD ni nini hasa?
*Msomaji, Kayole*

JIBU: OD kwenye orodha ya dawa ni mara moja kwa siku. Kwenye kliniki ya macho ni jicho la kulia. Kwenye faili la aliyekunywa sumu huenda ikawa ni kuzidisha dawa. Kwa hiyo kifupisho hakisomwi peke yake. Tazama kimeandikwa wapi na karibu na nini. Vilivyotulia zaidi ni BD, mara mbili kwa siku, TDS, mara tatu, QID, mara nne, STAT, papo hapo, PRN, inapohitajika, na NBM, mgonjwa asile wala asinywe.

Namba ni hatari kuliko herufi. "10U" ya insulini husomeka 100, basi neno la yuniti liandikwe lote. "5.0" husomeka 50 nukta ikififia, kwa hiyo andika 5. ".5" husomeka 5, kwa hiyo andika 0.5. Na maikrogramu isiandikwe kwa alama ya Kigiriki kwa mkono, maana hufanana na m ya miligramu na dozi huwa mara 1,000.

Kwa maneno pacha, jitafutie ishara. "Ileum" yenye e ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na e hiyo ndiyo ya "enter-", utumbo. "Ilium" ni mfupa wa nyonga. "Dysphasia" ina s ya kusema. "Dysphagia" ni shida ya kumeza. "Ureter" ziko mbili, toka figo hadi kibofu. "Urethra" ni moja, toka kibofu kwenda nje.

Mwandiko usiposomeka, acha nafasi na urudi kwa aliyeandika. Usikisie hata kama foleni imefika mlangoni.

SWALI: Nasomea uuguzi. Darasani naelewa kila neno, lakini nikiwa wodini mama akiniambia "tumbo linaniuma" sijui niandike nini.
*Msomaji, Kawangware*

JIBU: Hapa mwenye ugumu ni Kiswahili chetu, dada. Tumbo kwa mama huyo ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kinena, mji wa mimba ukiwamo. Mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja, kisha uliza kama maumivu yanahama. Mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni: uliza kama ni kiwiko, kigasha au kiganja. "Moyo unaniuma" mara nyingi huonyeshwa kwenye chembe cha moyo na huenda ikawa kiungulia, lakini usiamue hivyo mwenyewe, kwani ugonjwa wa moyo nao huweza kuuma hapohapo. Homa kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua. "Kifua" yaweza kuwa kikohozi, maumivu au kifua kikuu.

Andika kwanza maneno yake yenyewe ndani ya alama za kunukuu, ndipo uandike istilahi. Ukimrudishia maelezo, kumbuka kwamba "hypertension" si mawazo mengi kama wengi wanavyodhani. Mwambie presha ya damu iko juu. Na degedege la mtoto mwenye homa usiliite kifafa.

SWALI: Programu ya simu inaandika "anemia", mwalimu anataka "anaemia". Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Githurai*

JIBU: Wote wawili. Simu yako inafuata tahajia ya Marekani, Kenya inafuata ya Uingereza: "haemoglobin", "diarrhoea", "oesophagus". Andika ya mwalimu, lakini uitambue ile nyingine. Faharasa ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, hufuata tahajia ya Marekani, kwa hiyo "oedema" itafute kwenye E.