Kuta zinang'aa, nyuso zinazama: maswali yenu kuhusu picha za mitaani Mikindani na Lindi

SWALI: Nina kamera yenye lenzi ya 35mm. Siku za mapumziko napanda daladala kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani kupiga maisha ya mitaani. Kuta zikitoka vizuri, nyuso zinakuwa nyeusi tii. Nyuso zikionekana, kuta zinaungua kwa weupe. Kamera imeharibika?
Msomaji wa Shangani, Mtwara

JIBU: Kamera yako ni nzima. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ukiielekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, inaushusha uwe wa kijivu, na mtu aliyesimama mbele ya ukuta huo anashushwa nao. Ikiwa mtu na ukuta wote wako juani, tafuta kitufe chenye alama ya +/- uongeze mwanga kati ya +0.7 na +1. Hapo tatizo limekwisha.

Mtu akiwa kivulini na ukuta wa nyuma yake ukiwa juani, ni habari nyingine. Tofauti ya mwanga ni kubwa mno na hakuna kitufe kitakachokuokoa. Badilisha mahali pa kusimama mpaka nyuma yake pawe kivuli pia.

Vichochoro vya Mikindani vimebarikiwa kwa jambo moja: ni vyembamba, na mara nyingi ukuta wa upande mmoja unapigwa na jua wakati baraza la upande wa pili liko kivulini. Mwanga unagonga chokaa na kurudi kwa ulaini usoni kwa mama aliyekaa barazani akichambua mchele. Jipange ubavuni mwa kichochoro, ukuta unaong'aa ukiwa nje ya picha, umpige yeye na kivuli kilicho nyuma yake. Macho yatakuwa na nuru, mikunjo ya khanga itaonekana, na ngozi itabaki na rangi yake. Ila uangalie rangi ya huo ukuta unaorudisha mwanga. Wa kijani utamtia mtu ukijani mashavuni, na huo ni mgumu kuondoa baadaye. Usiiachie kamera ichague rangi yenyewe, maana ikiona ukuta mpana wa buluu inaongeza unjano kufidia. Kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (WB), weka alama ya jua, au 5200 K, uiache hapo kutwa.

Kuhusu saa: jua letu huchomoza karibu na saa 12 asubuhi. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 mwanga unapita ubavuni mwa kuta, unaibua mawe ya matumbawe pale plasta ilipobanduka na nakshi za milango. Jioni anza saa 10:30. Mchana, hasa Februari na Oktoba ambapo kwa latitudo yetu jua hupita utosini, kofia na paji la uso hutupa kivuli machoni. Muda huo fanya kazi ya vivulini tu.

Wengi hufika, wakapiga Boma la Kijerumani la mwaka 1895, wakageuza. Boma ni zuri, lakini maisha yako chini yake, huko vichochoroni na ufukweni. Chagua kona moja yenye mwanga mzuri na ukae hapo nusu saa. Watu watapita wenyewe.

SWALI: Nikiinua kamera watu wanageuka au wanasimama wima kama wako studio. Nikijificha mbali na lenzi ndefu najisikia mwizi. Nifanyeje?
Msomaji wa Masasi

JIBU: Hisia yako ni ya kweli, iache hiyo lenzi ndefu nyumbani. Mtaa mdogo unakutambua mgeni kabla hujafungua begi. Salimia kwanza, na usalimie kikamilifu: "Shikamoo mama, habari za asubuhi, za nyumbani?" Subiri ujibiwe. Halafu: "Naomba nikupige picha ukiendelea na kazi yako." Akikataa, shukuru, teremsha kamera, usiibie ya mwisho ukiondoka. Kwa mtoto, ombi linakwenda kwa mzazi au mlezi. Nje ya msikiti wakati watu wanatoka swala ya Ijumaa, kaa bila kuinua kamera mpaka uzungumze na wazee.

Kusimama wima kusikukere. Kwa mtu wa kwetu hiyo ndiyo picha, na anastahili kupata iliyo nzuri. Ipige kwa moyo wote, muonyeshe kwenye kioo cha kamera, kisha usiondoke. Akiona shughuli imekwisha atarudi kwenye karai lake la maandazi, mabega yatalegea, na hapo ndipo utapata ile uliyoijia.

Ili kamera isikucheleweshe muda huo, zima fokasi ya kujiendesha. Kwa lenzi ya 35mm kwenye kamera ya fremu kamili, weka tundu la lenzi f/8 na fokasi mita 3: kila kitu kati ya mita 2 na 7 hivi kitakuwa kikali. Spidi ya shata iwe sekunde 1/250 kwa anayetembea, 1/500 kwa baiskeli inayokatiza mbele yako. Asubuhi kivulini utahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 800 hadi 1600. Usiiogope, chembechembe kidogo ni bora kuliko mkono uliotikisika.

Kituo cha polisi, kambi za jeshi na bandari usizipige bila kibali, hata kama rangi za ukuta zinakuita.

SWALI: Nina simu tu. Kule wanakovukia kwenda Kitunda, ng'ambo ya maji, asubuhi, abiria wote wanatoka weusi na picha ina ukungu.
Msomaji wa Lindi

JIBU: Lindi mjini jua la asubuhi linatokea upande wa bahari, kwa hiyo anayekuja kutoka majini analibeba mgongoni. Una njia mbili. Ya kwanza, ukubali weusi: gusa anga kwenye kioo, teremsha kile kijua cha pembeni, na usubiri watu waachane ili kila mmoja aonekane umbo lake, kapu kichwani, baiskeli mkononi. Wakibanana wanakuwa donge. Ya pili, waache wakupite, ugeuke. Sasa jua linawaangaza. Bonyeza kioo usoni kwa mtu kwa sekunde mbili mpaka simu ifunge kipimo, kisha upige.

Ukungu una sababu mbili. Kama umetoka chumba chenye kiyoyozi, mvuke unaganda kwenye kioo baridi. Ifunge simu ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Kama ukungu hauondoki, ni chumvi ya upepo wa bahari na alama za vidole. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Pindo la shati hubeba mchanga, litakukwaruzia lenzi.

Usivute picha kwa vidole; sogea. Na ile namna ya kufifisha nyuma ya mtu izime, inakata masikio na kingo za kofia.

SWALI: Niliowapiga wanadai picha zao. Nikisafisha, zinatoka hafifu.
Msomaji wa Mikindani

JIBU: Wana haki, wapelekee. Hafifu inatokana na kumtumia mtu wa studio kwa Wasap, ambayo hupunguza ukubwa wa picha. Itume kama dokumenti, au umpelekee memori kadi. Kwa saizi ya inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3 na karatasi hiyo ni 3:2, hivyo picha ya kulala hukatwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya urefu wake wa juu hadi chini. Acha nafasi juu ya kichwa na chini ya miguu unapopiga, na umwambie fundi akuonyeshe anapokata kabla hajaitoa.