Kompyuta ya Ofisi na Hewa ya Bahari: Tunajibu Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na karibu kila moja ina maneno haya: "Fundi amesema ipigwe Windows upya." Kupiga Windows upya hakuondoi chumvi kwenye vyuma wala hakuongezi nguvu za betri. Ofisi ikiwa karibu na bahari, anza kukagua kwenye plagi ya ukutani, ufuate waya, uingie ndani ya boksi. Programu ziwe za mwisho.

SWALI: Salamu alaikum. Mimi ni karani wa skuli hapa Langoni, Lamu. Kompyuta yetu ya mezani tukiiwasha Jumatatu taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni kiza kitupu. Inapiga mlio, inanyamaza, inapiga tena. Nimeambiwa mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imekufa tutafute nyingine. Ni kweli?

JIBU: Waalaikum salamu. Mazabodi iliyokufa kwa kawaida hailii. Mlio huo ni yenyewe inaeleza kinachoisumbua, na mlio unaojirudia mara nyingi huelekeza kwenye RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda. Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, kwa hivyo andika ni mingapi, mirefu au mifupi, kisha linganisha na maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji.

RAM haikuchomelewa, imekaa kwenye sloti kwa kugusana tu. Hewa ya bahari huacha chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na baina ya meno ya RAM na vyuma vya sloti hutanda utando unaozuia umeme kupita. Mashine ikiwa inatumika, joto lake hupunguza unyevu. Ikifungwa Ijumaa ikapoa hadi Jumatatu, hasa masika, ndipo utando unapopata nafasi. Chomoa kipande hicho ukiangalie kwenye mwanga wa dirisha: meno yaliyo salama yanang'aa kama bangili mpya, yaliyoshikwa na chumvi yana madoa ya kijivu au weupe kama vumbi la chokaa, na pengine ukijani pembeni.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Zima, chomoa waya wa stima ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza boksi ubavu, fungua kifuniko, na kabla ya kugusa kitu chochote gusa chuma kitupu cha boksi, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi lolote. Sukuma vibano vya ncha zote mbili (baadhi ya mashine zina kimoja tu), RAM itainuka. Ishike kwa pembeni. Futa meno kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa aisopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa ina maji mengi. Ukiwa huna nyingine, subiri ikauke kabisa. Raba nyeupe ya penseli nayo husaidia, lakini pitisha mara mbili tatu kwa wepesi na upulize ungaunga wake, kwa sababu dhahabu ya meno yale ni utando tu na ukiikwangua kila mwezi itakwisha.

Safisha sloti kwa brashi laini iliyo kavu, kisha rudisha RAM ukilinganisha pengo lake na kinundu cha sloti. Bonyeza ncha zote mbili hadi vibano vilie "tak". Hapa ndipo wengi hukosea: hubonyeza upande mmoja, wa pili unabaki juu kidogo, na mlio uleule unarudi. Kama zipo RAM mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila sloti. Ikiwa moja inalia popote unapoiweka na nyingine hailii, umempata mkosaji, wala si mazabodi.

Baada ya hapo liondoeni boksi sakafuni, likae juu kiasi cha sentimita 15, mbali na dirisha linaloelekea bahari. Kitambaa cha kufumwa cha kufunikia kompyuta ni pambo zuri, lakini kitolewe kabla ya kuwasha kwani huziba matundu ya hewa. Vumbi la ndani lipulizwe kila miezi mitatu, na feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, la sivyo beringi zake huharibika.

SWALI: Mimi ni mhasibu, Malindi. Kila Jumatatu kompyuta yangu hurudi mwaka wa zamani, na tovuti za kodi na benki zinaniambia muunganisho si salama. Nimebadilisha brauza, wapi.

JIBU: Brauza haina kosa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikiamini ni mwaka 2015, cheti cha leo kwake bado hakijaanza kutumika, nayo inakikataa.

Kilichokwisha ni betri ndogo ya saa, bapa kama sarafu, iliyo juu ya mazabodi. Imeandikwa CR2032, ni ya volti 3, na hupatikana hata kwa mafundi wa saa. Ugonjwa huu huonekana Jumatatu kwa sababu soketi ikiwa imewashwa, mashine hutunza saa kwa umeme wa ukutani. Mkizima soketi wikendi nzima, kazi yote inabaki kwa betri hiyo.

Kabla ya kuitoa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya mwanzo iliyo ndani ya mazabodi (F2 au Delete mara tu baada ya kuwasha, kutegemea kampuni) upige picha za kurasa zake kwa simu. Usipuuze hili. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na baadhi ya mashine hubadilisha namna ya kusoma diski kutoka AHCI kwenda RAID. Windows basi inagoma kuwaka, na hapo ndipo utaambiwa ipigwe upya bure. Betri mpya ikae upande wa maandishi juu. Weka tarehe, na ndani ya Windows chagua saa za Nairobi, UTC+3.

SWALI: Ofisi yetu ina UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia stima ikipotea, ya 650VA. Tumechomeka kompyuta, kioo, ruta na printa ya leza. Tukichapa, UPS inapiga kelele na kila kitu kinazima. Stima ikipotea nako haifiki hata dakika moja. Tununue kubwa zaidi?

JIBU: Toeni printa kwanza. Namba 650VA si wati. UPS nyingi za ukubwa huo hubeba kati ya wati 360 na 390 tu. Kompyuta ya kawaida na kioo chake hula wati 100 hadi 200, ruta kama 10, kwa hivyo hivyo vinatosha na nafasi inabaki. Printa ya leza ina rola inayopashwa moto ili kuyeyusha wino wa unga, na inapopasha huvuta wati mia kadhaa hadi kupita 1,000 kwa mkupuo. Hakuna UPS ndogo itakayostahimili hilo. Printa iende ukutani, au kwenye tundu la UPS lililoandikwa kuwa ni la kinga tu bila betri.

Kuhusu dakika moja, betri imechoka. Ndani mna betri ya asidi iliyofungwa, kwa kawaida volti 12 na 7Ah. Hudumu miaka mitatu hadi mitano katika chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zikiongezeka umri hupungua karibu nusu. Malindi bila kiyoyozi, miaka miwili si ajabu. Ipimeni hivi: chajini kwa saa 8, hifadhini kazi zote, kisha chomoeni UPS ukutani huku kompyuta inawaka. Isipofika dakika tatu, nunueni betri tu, si UPS nzima. Wakati wa kubadilisha, zimeni na mchomoe kila kitu, waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha, na bisibisi isiguse ncha zote mbili kwa pamoja. Mkikuta betri imevimba imekwama ndani, msiing'oe kwa nguvu. Mpeni fundi, na kuukuu lisitupwe jaani, kwani lina madini ya risasi na asidi.

Mengine mawili, maana mmegusia ekstensheni kwenye barua yenu. Ekstensheni juu ya ekstensheni hapana. Na fyuzi ya plagi ikikatika, wekeni ya ampea zilezile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara haikatiki stima inapozidi, waya ndio utakaoungua. Stima ikipotea, zimeni soketi, na ikirudi msubiri dakika tano kabla ya kuwasha, kwa kuwa volti hupanda na kushuka inaporejea.

SWALI: Sisi tuko nyumba ya kale Mkomani, Lamu. Waifai ni kali chumba cha ruta, chumba cha pili haipo kabisa. Tununue ruta ya antena nne?

JIBU: Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, na antena nne hazizipunguzi. Ruta nyingi hutoa mawimbi mawili: ya 5GHz yenye kasi lakini dhaifu kwenye ukuta, na ya 2.4GHz ya pole inayopenya zaidi. Jaribuni kwanza chumba cha pili kitumie 2.4GHz kwenye chaneli 1, 6 au 11. Isipofaa, vuteni kebo ya mtandao ya Cat6, ambayo hufika mita 100, mweke kifaa cha waifai mwisho wake. Msitoboe plasta ya kale wala zidaka. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wa namna ile hauzibwi kwa saruji ukapona. Kebo ipite juu ya fremu ya mlango au kando ya boriti.

Kompyuta ikisema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, fungueni cmd (dirisha la Windows la kuandikia amri) mwandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake mashine haikupata anwani kutoka kwa ruta: zimeni ruta sekunde 30 mwashe tena. Ikianza na 192.168, kwa kawaida ruta na kompyuta zinaelewana, na tatizo liko mbele ya ruta.

SWALI: Flashi yangu imetoka saiba, mafaili yote yamegeuka vishale. Yamepotea?

JIBU: Hayajapotea, yamefichwa na kirusi, na kila ukibofya kishale unakiendesha kirusi tena. Usibofye. Tazama herufi ya flashi, tuseme E, kisha kwenye cmd andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatatokea. Futa vishale kwa del E:\*.lnk, nakili kazi zako peke yake, kisha fomati flashi. Kompyuta uliyochomekea nayo ipimwe yote kwa Windows Security, kwani huenda kirusi kimeshahamia humo.

SWALI: Mashine inachukua dakika kumi kuwaka. Nibadilishe Windows 10?

JIBU: Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, utazame diski (Disk). Ikikaa asilimia 100 huku hufanyi kitu, na ni diski ya zamani ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, ya 256GB na RAM ifike 8GB. Utaona tofauti siku hiyohiyo. Tahadhari na RAM: ya aina ya DDR3 haingii sloti ya DDR4, na ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Windows 11 inataka sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Kagua hilo kabla ya kutia pesa kwenye mashine kuukuu.

SWALI: Printa inakwama karatasi kila msimu wa mvua.

JIBU: Karatasi imevuta unyevu. Fungua rimu unapohitaji tu, iliyobaki ifunge kwenye mfuko wake, na usiache karatasi kwenye trei usiku kucha. Ikikwama, ivute kwa mikono miwili kuelekea upande inakotoka ikishachapwa, polepole, isichanike ikaacha kipande ndani.