Benzi la Mjomba au Toyota 86?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba aliniachia Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, ambayo bado inatembea. Mwanangu ananishawishi niiuze, niongeze akiba yangu, kisha niagize Toyota 86 ya mwaka 2013. Safari zangu ni za hapa mjini, na mara mojamoja Kigoma. Lipi litanifaa? Msomaji wa Isevya, Tabora.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa nguvu mwanao ameshinda. Injini ya Toyota 86, yenye lita 2.0, ina nguvu farasi 200, ilhali dizeli ya lita 2.4 ya Benzi lako ina 72 tu, nayo huhitaji zaidi ya sekunde 20 kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ambao mwenzake huufikia kabla ya sekunde 8. Lakini ukipita vijijini kuelekea Kigoma sheria inakutaka ushuke hadi kilomita 50, na matuta hayaulizi nguvu farasi.

Waliolibuni gari hilo la michezo waliilaza injini chini, silinda mbili kila upande, ili uzito ukae karibu na ardhi na gari lisiyumbe kwenye kona. Kwa sababu hiyo tumbo lake liko takriban sentimita 13 tu juu ya barabara, na shokapu zake ngumu hukufikishia kila shimo mgongoni. Viti vya nyuma, niseme wazi, ni vya mikoba. Benzi, gari lililowapa wakubwa wa enzi zile jina la Wabenzi, lina springi laini na nafasi ya wazee watatu nyuma.

Mwanao ana hoja moja nzito: Toyota hiyo ina mifuko ya hewa na breki zisizofunga magurudumu, vitu ambavyo Benzi nyingi za umri wa hilo lako hazina. Ukilibakiza, basi, anza na breki, matairi na kutu ya sakafuni.

Jambo jingine: ukichomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, usidhani ni mzimu wa mjomba. Kizimio chake huendeshwa na mvuto wa hewa kupitia vibomba vya mpira, na mpira wa miaka 40 hupasuka. Fungua boneti, bonyeza kwa mkono kiwiko cha kuzimia kilicho juu ya injini, kisha umwambie fundi abadilishe vibomba. Kazi hiyo haihitaji kompyuta.