Mchawi wangu anamchungulia adui kila usiku: nimzuie?

Swali: Naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za 2014. Mchawi wa kundi langu yuko ngazi ya 13 na kila usiku anatumia Scrying kumwona adui mkuu kwenye kioo. Sasa wanataka kutumia Teleport, uchawi wa kulihamisha kundi papo hapo, wamvamie chumbani mwake. Niupige marufuku uchawi huu wa Scrying?

Jibu: Hapana. Mchezaji ameupata kihalali, na kanuni zenyewe zinaubana vya kutosha ukizisoma hadi mwisho.

Kila jaribio linaanza na adui kurusha dadu ya kujikinga kwa Hekima, na hapo ndipo wengi huteleza. Muulize mchezaji: unamfahamu vipi mtu huyu? Kama ni kwa kusimuliwa tu, adui anaongezewa 5. Kama wamewahi kuonana, haongezewi kitu. Kisha uliza ana nini cha huyo adui mkononi. Picha inampunguzia adui 2, nguo 4, unywele au kipande cha ukucha 10. Tuseme kumkwepa mchawi wako kunahitaji jumla ya 18, na adui huongeza 8 ya Hekima kwenye dadu yake ya nyuso 20. Kwa habari za kusimuliwa tu, adui anaponea kwenye 5 kwenda juu, yaani nyuso 16 kati ya 20. Wakimwibia unywele, anahitaji 15. Tayari una kisa kizima cha kumtafuta kinyozi wake! Na akiponea, mchawi hawezi kumjaribu tena kwa saa 24.

Akifaulu, anaona na kusikia kwa dakika 10 tu, kutoka jicho lisiloonekana lililo ndani ya futi 10 za adui. Jicho hilo halisemi chumba kiko wapi. Mwoneshe pazia, sauti ya mlinzi, barua iliyo mezani, basi. Mwenye uwezo wa kuona visivyoonekana ataliona kama tufe linalong'aa, kubwa kama ngumi.

Kuhusu kuvamia kwa Teleport: mahali palipoonwa mara moja, hata kwa uchawi, dadu ya asilimia (1 hadi 100) ikitoa 1 hadi 43 ni ajali, na kundi zima linaumia. Kufika palepale ni kuanzia 74. Waambie namba hizi kabla hawajaamua; ni haki yao kuzijua.

Adui mwenye akili atajikinga kwa Nondetection, uchawi wa kumficha asichunguliwe kwa uchawi. Zindiko hilo hudumu saa 8 na kila mara linateketeza vumbi la almasi la vipande 25 vya dhahabu. Nakusihi usimpe kinga ya siku nzima. Chagua saa ambazo yuko wazi, kisha wape wachezaji njia ya kuzigundua, kwa mfano mtumishi anayekwenda kununua almasi.