Mfukoni mwa sare, mstari mmoja

Mwaka wa tisa huu niko wodini kwa zamu: asubuhi, jioni, usiku, kisha siku mbili za mapumziko, na ya kwanza huliwa yote na usingizi. Miaka hiyohiyo nimekuwa nikisoma na kuandika mambo ya teolojia. Watu huniuliza muda nautoa wapi. Muda sina. Nilichonacho ni kujua kichwa changu kinafaa kazi gani saa gani, na hilo nililipata kwa aibu.

Asubuhi moja nilitoka usiku, nikaoga, nikanywa chai, nikajiona mwepesi. Wanaoingia usiku wanaujua wepesi huo: usingizi umepitiliza, macho makavu, unajiona una akili kuliko jana. Nikaandika kurasa mbili kuhusu Augustino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, na neema, nikazituma kwa wenzangu tunaosoma pamoja usharikani, nikalala. Naamka saa 10 jioni, nakuta ujumbe wa mwinjilisti mstaafu: "Mwanangu, Augustino alikuwa askofu wa Hippo. Karthago alisoma na kufundisha." Nilikuwa nimemwita askofu wa Karthago. Na mimi nilijua! Mkono uliandika, kichwa kimelala. Nikawaza, je, ingekuwa dozi?

Tangu siku hiyo, nikitoka usiku naandika daftarini tu, kwa kalamu, na hakitoki kitu mpaka nikisome tena nikiwa nimelala vya kutosha. Nusu yake huwa nakifuta.

Kusoma kwangu ni kwenye daladala nikibahatika kiti, na nusu saa kabla ya zamu ya jioni. Wodini sifungui kitabu, hata saa 9 usiku pakiwa kimya. Mgonjwa akigeuka kitandani nataka niwe nimemsikia. Ninachofanya ni kunakili mstari mmoja nyuma ya karatasi ya kalenda iliyopita, naikunja mara nne, naitia mfukoni mwa sare. Natembea nao usiku kucha, nikipima presha, nikibadilisha dripu.

Wiki moja mfukoni ilikuwa Luka 1:8. Kuhani Zakaria yuko hekaluni katika "zamu yake". Nimeusikia mstari huo tangu sandei skuli na sikuwahi kuliona neno hilo. Nikaenda 1 Nyakati 24: makuhani wamegawanywa zamu 24, na ya Abiya, ambayo ndiyo ya Zakaria, ni ya 8. Kisha Luka 2:8, wachungaji wanalinda kundi "kwa zamu usiku". Kumbe malaika wa Luka, kwa Zakaria na kwa wachungaji, aliwakuta watu kazini, kwenye zamu! Hilo kamwe nisingeligundua nikiwa mezani na vitabu sita mbele yangu.

Makala yake niliiandika siku ya pili ya mapumziko, ndiyo siku yangu ya kuandika, na naanza kama ninavyokabidhi wodi asubuhi: nimekuta nini, nimefanya nini, nini kimebaki. Mistari mitatu. Nikishindwa kuijaza, sijaelewa ninachotaka kusema, basi narudi kusoma au naenda kufua.

Na usiwaonee wivu walio na ofisi. Augustino huyohuyo, akiandika kuhusu kazi za watawa, anasema angependa zaidi afanye kazi ya mikono kwa saa maalumu kila siku, nyingine abaki huru kusoma na kusali, kuliko kushinda akisumbuka na kesi za watu. Askofu mzima anaitamani ratiba ya zamu! Siku ninazoshinda zamu ya asubuhi na foleni ya ndugu wa wagonjwa, namwelewa sana.

Wiki hii naingia usiku mara tatu. Mfukoni nimeweka Zaburi 134, ile ya watumishi wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana. Ina mistari mitatu.