Maswali ya wafugaji: Ng'ombe amerudia mara tatu, nijifunze kuhimilisha mwenyewe?

Jambo Papa Veterineri. Ninaishi Kadutu, lakini ng'ombe wetu watano wako Walungu kwa baba. Mmoja amehimilishwa (ametiwa mbegu za dume kwa mkono wa mtu) mara tatu, na mara zote amerudia joto, hakushika mimba. Safari ya mwisho baba alinipigia simu asubuhi mapema, eti analia na wenzake wanampanda, naye ametulia tu. Mhimilishaji niliyemtafuta hapa mjini alifika kule kesho yake alasiri, akatoa payeti (kimrija cha mbegu) kwenye termosi ya maji ya uvuguvugu. Jioni ileile baba akaona damu kidogo mkiani. Kila mara nalipa kazi, nalipa na pikipiki. Sasa nataka kujifunza mwenyewe. Shemeji anacheka, eti mwanamke ataingiza mkono wapi! Inawezekana bila kusoma chuo kikuu? — Mama Furaha, Bukavu

Mama Furaha, nianze na ile damu, maana ndiyo iliyotoa siri. Ng'ombe akisimama tuli apandwe, hapo ndipo joto lenyewe, yaani hamu ya kupandwa, na mara nyingi halifiki hata saa 18. Damu huja siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha, awe ameshika mimba au hajashika. Kwa hiyo bwana yule alifika soko limefungwa. Sheria yetu ni fupi: ukimwona asubuhi, himilisha jioni, ukimwona jioni, himilisha kesho asubuhi.

Na hiyo termosi! Mbegu hukaa ndani ya azoti ya maji (gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika), nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikitolewa inalowekwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde kama 40, payeti inafutwa ikauke kabisa, inaingia kwenye pistole (kile chuma chembamba cha kuwekea mbegu), na ndani ya robo saa iwe imeshafika kwa ng'ombe. Ukiiyeyushia Bukavu ukaipakia pikipiki hadi Walungu, utamwekea ng'ombe maji tu. Anayejua kazi hufunga mtungi wa azoti nyuma ya pikipiki na kuyeyushia pale pale zizini.

Kujifunza unaweza. Chuo kikuu si lazima, ila usimwamini atakayekuambia siku mbili zinatosha. Mimi nilianzia machinjioni, mezani, na vizazi vya ng'ombe waliochinjwa asubuhi hiyo. Wiki nzima nilirudi nyumbani nikinuka hadi mke wangu akaniwekea sahani nje. Lakini pale ndipo vidole vinasoma. Mlango wa kizazi ni mgumu, una mapete kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Kizazi chenyewe ni laini. Ukishaushika mezani mara hamsini, utaujua hata gizani, na ndani ya ng'ombe ni giza kweli.

Kosa la kila mwanafunzi, na langu pia, ni kusukuma pistole kwa nguvu. Pistole huingia ikielekea juu kidogo, isije ikapotelea kwenye njia ya mkojo, kisha inatulia. Mkono wa kushoto, ulio ndani ya utumbo wa nyuma, ndio unaofanya kazi: unashika mlango wa kizazi, unausogeza mbele mikunjo inyooke, halafu unauvisha kwenye pistole pete moja baada ya nyingine, kama unavyovuta soksi. Kidole kinangoja upande wa pili. Ukiisikia ncha ya pistole chini ya kidole, simama hapo hapo, achia mbegu polepole. Ng'ombe wangu wa kwanza aliye hai alinichukua dakika ishirini, mkono ukafa ganzi, na shati nililitupa.

Shemeji mwambie hivi: mkono wako mwembamba ng'ombe ataupenda kuliko wangu.

Kinachonitia wasiwasi ni azoti. Inapungua kila siku hata mtungi ukifungwa vizuri, na ikikauka mbegu zote zimekufa. Kwa ng'ombe watano mimi nisingenunua mtungi peke yangu. Tafuteni majirani mchange, na kabla ya kulipia masomo uliza kwanza azoti mtaijazia wapi. Tena mitamba wenu wadogo wa kienyeji msiwape mbegu ya Friesian, ng'ombe mkubwa. Jersey inatosha, ndama atatoka bila kuvutwa kwa kamba.

Huyo mmoja, baba ahesabu tangu siku ya damu. Kuanzia siku ya 16 amwangalie nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ng'ombe wakiwa wametulia, si wakati wa kuwapeleka majini. Akisimama tena apandwe, mwite mtu mwenye mtungi siku hiyo hiyo. Akirudia na saa ilikuwa sawa, apimwe na daktari kabla hujalipia payeti nyingine, huenda kizazi kina uchafu. Asiporudia, baada ya miezi miwili apimwe mimba kwa mkono. Ukiwa umeshaanza masomo, omba uingize wako baada ya daktari.