Fidia hiyo alilipwa nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza: “Kwani Mungu hawezi kusamehe mpaka damu imwagike?” Anaweza. Yesu alimwambia yule aliyepooza, “Mwanangu, umesamehewa dhambi zako,” na siku hiyo hakuchinjwa hata njiwa. Palitobolewa dari tu, mgonjwa akateremshwa. Wala siwalaumu kwa kuuliza. Hata mimbarani utasikia habari za Baba aliyefura kwa hasira, asipoe mpaka alipoiona damu ya Mwanawe. Mungu wa namna hiyo hata mie ningemkimbia.

Huku Unguja Wakristo tu wachache, na swali hili twaulizwa na majirani, hasa Iddi Kubwa. Mbuzi kalazwa ubavu kuelekea kibla, kisu kafichwa asikione, Bismillahi imesomwa. Jua halijakaza nyama imeshagawiwa, fungu la nyumbani, la jamaa, la maskini, na mie paja langu sikosi. Jirani yangu, maalim wa chuo cha Kurani, ndiye aliyenibana: “Dada, Sura ya Hajj yasema nyama zao na damu zao hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Sasa nyinyi damu mwampelekea ya nini?” Nikamwambia Zaburi ya 50 nayo yasema karibu hayo hayo: Mungu hali nyama ya fahali, wala hanywi damu ya mbuzi.

Shida ni kwamba Walawi 16 husomwa nusu. Siku ya upatanisho waliletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, damu yake ikaingizwa ndani ya pazia na kunyunyizwa kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano. Wa pili, kuhani mkuu Haruni alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake maovu yote ya Waisraeli, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Yaani aliyetwikwa dhambi siye aliyechinjwa! Basi yule wa kwanza alikuwa haadhibiwi kwa niaba ya mtu. Damu yake ilikuwa uhai, wa kupasafisha mahali palipotiwa unajisi. Na sura inayofuata Mungu asema, “nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu.” Mtoaji ni yeye. Ndiyo maana Paulo aliweza kuandika kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, “akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake”. Aliyekosewa ndiye aliyebeba gharama ya suluhu.

Lakini Yesu alisema pia kwamba amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Fidia kwa nani? Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nisa alijibu: kwa Shetani, aliyekuwa ametushika mateka. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo hakulivumilia hilo, mnyang'anyi alipwe, tena kwa nafsi ya Mungu mwenyewe? Baadaye Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, akaleta habari ya heshima ya Mungu iliyovunjwa, na wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza, wakaipeleka kesi mahakamani: hukumu na adhabu. Sitaki kupita huko kote.

Mzanzibari ana sababu yake ya kuuliza. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kukomesha utumwa, fidia ililipwa, lakini walilipwa mabwana. Mtumwa aliyekwenda mahakamani kuudai uhuru wake alitoka na karatasi. Kwa hiyo tukihubiriwa fidia, ni haki yetu kutaka kujua imeingia mfuko wa nani. Mie niko na huyo wa Nazianzo. Yesu ametaja gharama, na ametaja watakaotoka kifungoni. Mpokeaji hakumtaja, nasi tusimtafutie.

Kanisa la Mkunazini, hapa mjini Unguja, lilianza kujengwa chini ya Askofu Edward Steere mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na palikuwa ni pale pale sokoni. Inasimuliwa kwamba madhabahu imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Sakafuni pana duara la marumaru kuonyesha mahali. Ijumaa Kuu Isaya 53 inasomwa hatua chache tu kutoka hapo: “kwa kupigwa kwake sisi tumepona”. Ukiisikia hapo, huhitaji kuelezwa Mungu alikuwa upande upi wa mjeledi.

Kilicho kigumu kwangu kumeza si damu. Ni kwamba Yesu alimfia hata aliyeshika mjeledi. “Baba, uwasamehe” ilisemwa misumari ikiwa mwilini, hakuna aliyekuwa ameomba radhi. Maalim aliponiuliza kama basi mtu huyo kasamehewa bure bilashi, nilimsomea habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne kila alichodhulumu. La mara nne alilipenda sana. La msalaba, bado.